Damu Imetolewa, Jibu Liko Wapi?

Hotuba ya mtaalamu wa maabara mbele ya vikundi vya watu wanaoishi na VVU, wauguzi na wahudumu wa afya ya jamii, katika ukumbi mmoja wa mtaa, Eastlands, Nairobi

Mwenyekiti, mama mlezi wa vikundi, wauguzi na wahudumu mliotoka kliniki zetu za Eastlands, wazazi, vijana, hamjambo.

Nimeombwa nizungumzie vipimo vya maabara kwa mtu anayeishi na VVU. Kazi yangu hufanyika nyuma ya dirisha dogo, na wengi wenu mnaijua mikono yangu na glavu zake kuliko mnavyoijua sura yangu. Pale dirishani hakuna nafasi ya mazungumzo, foleni imefika hadi mlangoni na kila mtu anawahi kazi. Basi leo niseme lile ambalo huwa sipati muda wa kulisema. Kipimo hakijaisha damu inapotoka. Hakijaisha hata mashine inapotoa nambari. Kinaisha pale nambari ile inapomfikia mwenyewe, akaelezwa maana yake, na hatua ikachukuliwa. Kabla ya hapo tumemchoma mtu sindano bure.

Nambari zenyewe ni mbili, na watu huzichanganya kila siku. Ya kwanza ni CD4. Hizo ni chembe nyeupe za damu zinazoongoza kinga, wengi huziita askari wa mwili, na ndizo VVU huzivamia. Mtu mzima asiye na virusi huwa nazo kati ya 500 na 1,500 hivi katika kila maikrolita ya damu. Ya pili ni kiwango cha virusi, yaani nakala ngapi za virusi zimo katika mililita moja. CD4 inakuambia kinga imebaki kiasi gani. Kiwango cha virusi kinakuambia kama dawa unayomeza inafanya kazi sasa hivi. Mtu anaweza kuwa na CD4 ya 600 akajiona salama, kumbe virusi vimeshaanza kupanda, kwa sababu virusi hutangulia na CD4 hushuka baadaye. Ndiyo maana mtu aliye kwenye dawa tunamfuatilia kwanza kwa virusi.

Walioanza matibabu zamani wanajua jinsi CD4 ilivyokuwa lango. Mwaka 2002 Shirika la Afya Duniani lilielekeza dawa ianze CD4 ikishuka chini ya 200, isipokuwa kwa mtu ambaye tayari ameugua sana. Mwaka 2010 wakapandisha hadi 350, mwaka 2013 hadi 500, na mwaka 2015 wakaondoa kikomo kabisa: kila mwenye virusi apewe dawa. Kenya ikafuata mwaka 2016. Mtu wa 210 wa enzi zile aliambiwa arudi nyumbani, aje tena baada ya miezi kadhaa, damu ipimwe upya. Wengine hawakurudi. Baadhi yenu mliwazika.

Lango lilipofunguliwa, CD4 ikaanza kusahaulika, na hilo linaniuma. Mtu akianza dawa leo, au akirejea baada ya kuacha kwa muda, CD4 yake bado inatakiwa. Ikiwa chini ya 200, huyo yuko kwenye hatari ambayo kidonge cha VVU peke yake hakiwezi kuiondoa kwa haraka. Kuna kifua kikuu kilichojificha, na siku hizi kwa mtu wa hali hiyo tunaweza kukitafuta hata kwenye mkojo, kwa kipande cha karatasi, akiwa bado ameketi pale kliniki. Kuna pia fangasi wa kriptokokasi anayeshambulia utando wa ubongo. Kipimo cha damu humwona fangasi huyo kabla kichwa hakijaanza kuuma, na akionekana mapema dawa ipo. Akionekana mgonjwa ameshapoteza fahamu, mambo huwa mengine kabisa. Kwa hiyo wewe uliyerudi kliniki baada ya kupotea, usiogope kugombezwa, ingia, na uulize: CD4 yangu imepimwa?

Sasa niwapeleke nyuma ya dirisha.

Damu yako ya kupima virusi huingia kwenye chupa yenye kifuniko cha zambarau. Ndani yake kuna dawa ya kuzuia damu isigande, ndiyo maana unatuona tunaipindua chupa polepole mara kadhaa badala ya kuitikisa. Ikitikiswa chembe hupasuka, na sampuli inaharibika. Kisha chupa huingia kwenye mashine ya kuzungusha, chembe nyekundu zikakaa chini na majimaji ya manjano yakabaki juu. Hayo majimaji, plazima, ndiyo tunayoyataka, na inafaa yatenganishwe ndani ya saa 24. Yakishatenganishwa yanahamishiwa kwenye chupa ndogo, yanawekwa kwenye kisanduku chenye barafu, na mwendesha pikipiki anaondoka nayo. Kliniki nyingi za Nairobi hazipimi virusi zenyewe. Sampuli husafiri hadi maabara kubwa, kama ile ya KEMRI, taasisi ya taifa ya utafiti wa tiba, pale Mbagathi Road au maabara ya taifa ya rufaa ya VVU. Mnaijua barabara ya Outer Ring ikifunga jioni. Sampuli yako nayo imo humo kwenye msongamano.

Ikifika, mtu wa mapokezi analinganisha chupa na fomu, moja baada ya nyingine. Kwenye fomu imeandikwa Atieno, kwenye chupa Achieng. Au majina yanalingana lakini nambari ya kliniki imepungua tarakimu moja. Au damu imeganda, au ni kidogo mno. Hizo zote hukataliwa, na ni sawa zikataliwe, kwa sababu jibu la mtu mwingine ndani ya faili yako ni hatari kuliko kukosa jibu. Lakini ikikataliwa, kliniki inapaswa kukuita mara moja utoe damu upya. Hapo ndipo kamba hukatika. Taarifa ya kukataliwa inakaa kwenye kompyuta, wewe uko nyumbani unaamini umepimwa, na miezi inakwenda.

Wenzangu wa maabara na wauguzi mlio hapa, naomba hili tulichukue kwa uzito. Mpeni mgonjwa aisome lebo kabla hamjaibandika. Inachukua sekunde chache. Nimeona mama akisema, "Daktari, hiyo si tarehe yangu ya kuzaliwa," na pale pale kosa likakoma.

Sampuli iliyopita mapokezi huingia kwenye mashine. Virusi hupasuliwa, vinasaba vyake vinatolewa, vinanakiliwa tena na tena hadi viweze kuhesabika. Ni kazi ya saa kadhaa, na maabara kubwa hupima sampuli nyingi kwa mkupuo mmoja, hivyo yako inaweza kungojea wenzake. Kuna pia mashine ndogo za GeneXpert, zile zile mnazozijua kwa kifua kikuu, ambazo zikiwekewa kasha la VVU hutoa jibu katika saa moja na nusu hivi. Mimi natamani kasha hizo zitangulie kwa akina mama wajawazito, kwa watoto, na kwa wale ambao kipimo cha awali kilikuwa juu. Hao hawana muda wa kungoja.

Mahali ambapo hakuna mashine ya kuzungusha, damu hudondoshwa kwenye kadi maalum, matone ndani ya miduara, ikaachwa ikauke vizuri mbali na jua na vumbi, kisha ikafungwa kwenye mfuko pamoja na vifuko vya kufyonza unyevu. Njia hiyo imewafikia watu ambao tusingewafikia. Ila ina udhaifu: virusi vikiwa vichache sana, kadi haisomi kwa usahihi wa plazima. Ukiwa na jibu la kadi lenye nambari ndogo isiyoeleweka, ni haki yako kuomba kipimo cha plazima.

Mwishoni jibu hupandishwa kwenye mtandao na kliniki hulichapisha. Kuanzia hapo hakuna mashine ya kulisukuma mbele. Kuna mtu. Lazima mtu alifungue, alisome, alifikishe mkononi mwa anayeweza kufanya jambo.

Niwape mfano mmoja. Mama mmoja alikuwa akihudumiwa katika kliniki ya hapa jijini ambayo sitaitaja, na yeye pia sitasema lolote la kumtambulisha. Alikuwa akifanya kazi ya nyumbani, akilala huko huko kwa mwajiri. Dawa alizificha ndani ya soksi chini ya godoro, na siku ambazo watoto wa nyumba ile walilala chumbani kwake hakumeza. Kipimo chake kilitoka zaidi ya nakala 10,000. Karatasi ilichapishwa, ikatobolewa matundu mawili, ikafungwa vizuri kabisa ndani ya faili. Akaja kuchukua dawa, akapewa, akaenda. Akaja tena, akapewa, akaenda. Karatasi iligunduliwa alipokuja akiwa mjamzito, muuguzi mmoja makini alipofungua faili kuanzia mwanzo. Hakuna aliyekuwa na nia mbaya. Lakini ilikuwa imempita miezi ambayo angeweza kusaidiwa kupanga saa nyingine ya kumeza, kama alivyosaidiwa baadaye: akabadilisha ikawa asubuhi, anapokuwa peke yake jikoni. Suluhisho lilikuwa dogo kiasi hicho. Kilichokosekana ni mtu wa kusoma karatasi na kumuuliza.

Kwa hiyo jifunzeni kusoma nambari yenu wenyewe. Kwa mwongozo wa taifa wa mwaka 2022, chini ya 50 tunaandika LDL, maana yake virusi ni vichache mno hata mashine haiwezi kuvihesabu. Hapo ndipo tunataka kila mtu awe. Kuanzia 50 hadi 199 bado unahesabiwa kuwa virusi vimedhibitiwa, ila tunakuangalia kwa karibu. Kuanzia 200 hadi 999 kuna jambo, na linatakiwa kutafutwa. Ikifika 1,000 na kuendelea, tunashuku kwamba matibabu yanashindwa. Na LDL si kupona. Virusi vimejificha ndani ya chembe ambako dawa haivifikii, na dawa ikiachwa hurudi, mara nyingi ndani ya wiki chache tu. Nasema hivi kwa sababu kuna wanaohubiriwa waache dawa wakionyeshwa karatasi ya LDL kama ushahidi. Karatasi ile inathibitisha kwamba dawa imefanya kazi. Usiiache.

Na kuna habari njema ambayo bado haijafika kila nyumba. Mtu ambaye virusi vyake havionekani, na anaendelea kumeza dawa, hamwambukizi mwenzake kwa njia ya ngono. Hatari ni sifuri. Utafiti wa HPTN 052, ambao Kenya ilishiriki, ulionyesha kuanzia mwaka 2011 nguvu ya dawa katika kuzuia maambukizi, na tafiti nyingine zilizofuata wapenzi kwa miaka hazikupata hata ambukizo moja lililotoka kwa mwenza ambaye virusi vyake vimedhibitiwa. Nimeona wanandoa wakishikana mikono kwa kusikia hilo. Kwa anayenyonyesha, hatari hushuka sana lakini hatuwezi kusema imefika sifuri, ndiyo maana mama huyo tunampima mara nyingi zaidi.

Je, nambari ikiwa juu? Kwanza, wahudumu wenzangu, tafadhali tuache sauti ya polisi. Mtu akiulizwa, "Kwa nini humezi dawa?" atadanganya, kama ambavyo yeyote kati yetu angedanganya. Muulize siku yake inavyokwenda. Pengine anafanya zamu ya usiku Industrial Area na kidonge cha saa tatu usiku kinamkuta kwenye mashine. Pengine anameza kila siku bila kukosa, lakini anameza pamoja na vidonge vya madini ya chuma, au kalsiamu, au dawa ya kiungulia aliyonunua dukani, na hizo huizuia dolutegravir, dawa kuu iliyo ndani ya kidonge cha VVU, isiingie mwilini ipasavyo. Pengine anatibiwa kifua kikuu kwa rifampisini na hakuna aliyekumbuka kwamba katika kipindi hicho dolutegravir humezwa mara mbili kwa siku. Hayo yote hayaonekani kwenye mashine yangu. Mimi naona nambari tu, sababu iko kwenye maisha ya mtu.

Baada ya vikao vya ushauri na miezi mitatu ya kumeza vizuri, tunapima tena. Wengi hushuka, na ni furaha kubwa kuitoa karatasi hiyo. Wasioshuka huenda kwenye kipimo cha usugu, tukasoma vinasaba vya virusi vyenyewe kuona ni dawa zipi vimejifunza kuzishinda. Kubadilisha dawa bila kipimo hicho, kwa mtu aliye kwenye dawa hizi mpya, ni kubahatisha. Kenya ilikuwa miongoni mwa nchi za kwanza Afrika kuanza kutumia dolutegravir ya bei nafuu, mwaka 2017. Ni dawa imara, na ningependa tuitunze, maana zilizo baada yake ni chache na ghali.

Watoto sasa. Mtoto aliyezaliwa na mama mwenye VVU hubeba kingamwili za mama, hivyo kile kipimo cha kawaida cha kidole kinaweza kuonyesha chanya hata kama mtoto ni mzima. Ndiyo maana hupimwa virusi vyenyewe, kwa PCR, akiwa na wiki 6, kisha miezi 6, kisha miezi 12, na kingamwili zikapimwa akifika miezi 18. Mama wengi huja cha wiki 6 kwa sababu kinaangukia siku ya chanjo. Wakisikia hana, wanashukuru Mungu, na hatuwaoni tena. Lakini mtoto bado ananyonya. Cha miezi 6 na cha miezi 12 vina uzito uleule. Akina baba mlio hapa, tarehe hizo nanyi mzijue, msimwachie mama peke yake.

Na vijana wetu. Walio chini ya miaka 25 hupimwa virusi kila miezi 6, tofauti na mtu mzima aliyetulia, ambaye hupimwa mara moja kwa mwaka. Sababu mnazijua: shule za bweni, kuficha dawa bwenini, kuchoka kumeza tangu utotoni kitu ambacho hakukichagua. Kijana akileta nambari kubwa likizo ya Agosti, usimpeleke kwa mchungaji kabla hujakaa naye.

Vipimo vingine nitavitaja kwa haraka. Tenofovia iliyo ndani ya kidonge chenu inaweza kugusa figo, kwa hiyo kreatinini, kipimo cha damu kinachoonyesha figo zinavyofanya kazi, ipimwe, hasa kwa mwenye presha au kisukari. Sukari ya damu iangaliwe, maana baadhi ya watu hunenepa kwa dawa hizi mpya. Homa ya ini aina ya B ijulikane mapema, kwa sababu dawa mbili kati ya tatu zilizo ndani ya kidonge hicho huitibu pia, na kuzibadilisha bila kujua kunaweza kuliamsha ini likaumia.

Naja kwenye fedha, na hapa nitasema wazi. Mwaka 2021 dawa za VVU zilizotolewa kama msaada zilikwama bandarini Mombasa kwa mvutano wa kodi, huku watu wakigawiwa vidonge vya siku chache. Tarehe 20 Januari 2025 Rais wa Marekani alitia saini amri ya kusimamisha misaada ya nje kwa siku 90, na wahudumu wengi waliokuwa wakilipwa kwa fedha hizo, wakiwemo wale wanaopiga simu kuwaita wagonjwa wenye majibu mabaya, walirudishwa nyumbani. Dawa ikikosekana kuna kelele, na kelele hizo ni za haki. Vitendanishi, zile dawa za kupimia, zikikosekana hakuna anayeandamana, kwa sababu mgonjwa anaambiwa tu, "Njoo mwezi ujao." Mashine iko pale imefunikwa kitambaa. Nchi yetu ilitangaza UKIMWI kuwa janga la kitaifa mwaka 1999. Imepita zaidi ya miaka 25, na bado vitendanishi vya kupimia watu wetu vinategemea kalamu ya mtu aliye mbali. Bajeti ya kaunti na ya serikali kuu inapojadiliwa, vikundi hivi viende kwenye vikao vya maoni ya umma na viulize kwa jina: vitendanishi vya virusi vimetengewa shilingi ngapi, na vya watoto ngapi? Wabunge wa kaunti wamezoea kuulizwa kuhusu barabara. Waulizwe na hili.

Kuna aliyeniandikia karatasi hapa mbele akiuliza kama maabara inaweza kumpa mwajiri wake majibu. Hapana. Sheria ya mwaka 2006 ya kuzuia na kudhibiti VVU na UKIMWI inakataza majibu yako yatolewe bila idhini yako, isipokuwa katika hali chache zilizoandikwa humo. Mtu akiyatoa, ni kosa la jinai. Na idhini hiyo haipatikani kwa kukutisha na kazi.

Ombi langu kwa kliniki ni moja. Kila mtu anapochukua dawa, kabla hajapewa, aambiwe nambari yake ya mwisho, tarehe iliyopimwa, na tarehe ya kipimo kinachofuata. Kama jibu halijarudi, lifuatiliwe siku hiyo hiyo kwenye mtandao, si wiki ijayo. Na wewe mgonjwa, usipoambiwa, uliza. Sitachukia ukinigongea dirisha kuuliza. Wenzangu wakichukia, waambie nimekutuma.

Wauguzi wawili wamekaa kwenye meza ya pembeni karibu na mlango wa jikoni, na wanaweza kuangalia kwenye mfumo kama jibu lako limerudi. Njoo na nambari yako ya kliniki, utahudumiwa mmoja mmoja nyuma ya pazia. Tuanze na wajawazito na wenye watoto wachanga, kisha wale waliotoa damu zaidi ya mwezi uliopita na hawajasikia lolote. Asanteni sana.